Kiuno cha Ubao

"Mjomba, ungekuwa wewe ungechukua zipi?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo kwa Kiswahili chetu cha Maniema, kule Kongo, katikati ya duka la Tirol, huko Austria, lililojaa watu wanaozungumza Kijerumani. Jozi mbili za skii, mbao za kuteleza juu ya theluji, zilikuwa zimeegemezwa ukutani mbele yake. Moja ilikuwa nyembamba, mpya, nyekundu, inang'aa kama gari la harusi. Ya pili ilikuwa pana, imekwisha kutumika, ina mikwaruzo tumboni, na bei yake haikufika nusu ya ile nyekundu. Nilikuwa na siku tisa tu katika nchi ile, na theluji yote niliyowahi kuiona maishani ilikuwa ya siku hizo tisa. Lakini swali lenyewe nililitambua mara moja. Nami niliwahi kuliuliza nikiwa na miaka kumi na miwili, ukingoni mwa mto Lualaba pale Nyangwe, mbele ya mitumbwi miwili iliyokuwa imepandishwa mchangani. Niliyemwuliza ni kaka yake mama.

Mjomba hakunijibu siku ile. Alinishika bega akanigeuza, mitumbwi ikawa mgongoni kwangu na mto ukawa usoni. "Anza na hayo," akasema, akiyaonyesha maji kwa kidevu.

Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi. Lualaba ilikuwa imeshuka, mafungu ya mchanga yametokeza, na kati ya fungu na fungu maji yalikuwa yakipita taratibu, mahali pengine yakifika magotini tu. Ng'ambo walikuwa wakija akina mama wa soko na vikapu vya muhogo, mawese, samaki wakavu na kuku waliofungwa miguu. Mjomba aliniacha niyatazame maji mpaka nikachoka kuyatazama. Ndipo akaniuliza: mtumbwi utapita wapi, utabeba nini, na mwezi gani? Mmoja wa ile mitumbwi miwili ulikuwa mrefu, mwembamba, tumbo lake la mviringo, na moyo wangu ulikuwa umekwisha kuuangukia. Mjomba alikiri kuwa ni mtumbwi mzuri. Ni wa kijana mmoja mwenye kafi, alisema, katika maji mengi, akiwa na haraka. Lakini sisi tulikuwa tunamnunulia bibi yangu, aliyekuwa akivuka kwenda sokoni na mizigo na wajukuu. Mtumbwi wake ulipaswa kuwa na kiuno kipana na tumbo la bapa, uelee juujuu hata palipo na maji ya kifundo cha mguu.

Kisha akaupima ule mpana mbele yangu. Aliugonga kwa vifundo vya vidole kuanzia omo hadi tezi, polepole, akisikiliza kama kuna mahali sauti inapobadilika, maana mti uliopasuka ndani hausemi kama mti mzima. Alipiga magoti akaukodolea kwa jicho moja kuona kama umepinda. Alipitisha kiganja sakafuni mwake, kwenye alama za tezo, akitafuta mahali fundi alipochimba kupita kiasi. Mwisho tukausukuma majini, tukaingia sote wawili, akautikisa kwa makusudi mpaka nikapiga kelele. Ukayumba, ukarudi. Alitazama umbali uliobaki kati ya mdomo wa mtumbwi na maji, akaupima kwa mkono. "Watu wanane na mizigo yao," akasema. "Shubiri moja ibaki kavu. Shubiri ikipotea, mtu ashuke."

Ndiyo maana kule Tirol sikuzitazama skii kwanza. Nilimwuliza mpwa wangu anakusudia kuzitembeza juu ya nini.

Akanijibu: juu ya theluji mpya, ile ya kando ya njia, ambayo mashine hazijaishindilia. Wenyeji huiita kwa jina lenye maana ya unga, na jina hilo linasema kweli. Asubuhi ya siku yangu ya tatu nilitia mkono katika theluji iliyoanguka usiku kucha mbele ya nyumba ya wafanyakazi wa hoteli anakolala. Mkono ulizama hadi kiwiko bila kukutana na kitu. Ulikuwa kama unga wa muhogo uliochekechwa sasa hivi, ungali umejaa hewa ungoni, kabla mama hajaugonga ukatulia. Hesabu yake ni hii: mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, barafu ngumu ina karibu kilo 917, theluji mpya ya siku ya baridi kavu ina kilo 50 hadi 100 tu. Tisa ya kumi yake, au zaidi, ni hewa. Mtu anayesimama juu yake amesimama juu ya hewa iliyoshikwa na sindano ndogondogo za barafu.

Lugha yetu ina historia ya kushangaza na kitu hiki. Neno barafu limetujia kutoka Uajemi, na huko barf ndiyo theluji yenyewe, hii laini inayodondoka kutoka mawinguni. Neno lilivuka bahari, kitu chenyewe hakikuvuka. Nasi tukalivika lile jiwe baridi linalotoka kwenye friji. Theluji tukaipokea kwa Waarabu. Tuna maneno mawili ya kitu ambacho wengi wetu hatujakigusa, na yote mawili ni sahihi.

Mpwa wangu alikwisha kukigusa, tena kwa uso. Majira ya baridi yaliyotangulia, mwaka wake wa kwanza katika jiko la hoteli pale juu, alikodi skii mahali fulani siku moja ya mapumziko. Mhudumu alimwuliza saizi ya viatu, akampa jozi iliyokuwa karibu. Hakumwuliza uzito wake, wala anakokwenda. Zilikuwa skii nyembamba za njia ngumu. Kwenye njia zilimchukua vizuri, akajiona bingwa, akatoka hatua chache tu kando, kwenye unga uliolala usiku kucha. Ncha zikazama. Yeye akaendelea kwenda mbele, skii zikabaki nyuma. Vifungo vya mabuti vikaachia, kama vilivyotengenezwa kuachia ili mguu usivunjike, na alipojifuta macho aliona skii moja tu. Wenzake watatu walichimbua kwa mikono na fimbo karibu saa nzima. Waliikuta mita mbili kutoka mahali ambapo wote walikuwa wakiitafuta, imelala chini kabisa kama kambale matopeni. Tangu siku hiyo hufunga utepe mrefu wa rangi ya machungwa kwenye kila skii na kuuchomeka ndani ya suruali, jinsi wavuvi wa kwetu wanavyofunga kafi kwa kamba palipo na mkondo.

Nilichukua risiti ya kahawa mfukoni nikapiga hesabu mgongoni mwake. Mpwa wangu, na mabuti yake, nguo zake na mfuko wake wa mgongoni, ana kilo 80 hivi. Skii nyembamba, zenye urefu wa sentimita 170 na milimita 68 kiunoni, zinampa jumla ya theluthi moja hivi ya mita ya mraba ya kusimamia. Zile pana, sentimita 184 na milimita 112 kiunoni, zinampa karibu nusu ya mita ya mraba. Uzito ni uleule, umetandazwa juu ya eneo kubwa mara moja na nusu. Watu wa skii nao husema kiuno, wakimaanisha upana wa ubao pale chini ya buti, na ndicho kipimo wanachokitaja mwanzo kabisa. Chini ya milimita 80 ni ubao wa njia iliyoshindiliwa. Kuanzia 105 kwenda juu ni ubao wa unga. Katikati ya hapo wapo wanaotaka kidogo cha huku na kidogo cha kule, nao ni wengi, wala siwalaumu.

Lakini upana peke yake haukunitosha. Nilizilaza zile pana sakafuni, nikapiga magoti, nikazitazama kwa jicho moja. Muuza duka alinitazama kwa mshangao, kisha akapiga magoti kando yangu, akaelewa ninachotafuta. Skii ya njia ngumu ina mgongo: ukiilaza, katikati inainuka na ncha zinagusa sakafu, ili mtu akisimama juu yake kingo zake za chuma zibane barafu kwa urefu wote. Hizi zilikuwa kinyume. Katikati zilikaribia kulala kabisa, halafu mbele zikaanza kuinuka mapema sana, mbali na ncha, polepole, na nyuma vilevile. Zilikuwa na omo na tezi. Nilipitisha kidole chini ya omo nikaona mkono wa fundi wa Nyangwe, anayelijua fungu la mchanga na anayetaka chombo kipande juu yake badala ya kujichoma ndani yake. Nikazigonga kwa vifundo vya vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikuwa moja.

Umbo hilo si la zamani katika maduka, na aliyelisukuma mbele alilitoa kwenye maji. Shane McConkey, mtelezaji aliyezaliwa Vancouver, alishikilia kwamba unga wa theluji una tabia ya maji kuliko ya ardhi, na kwa hiyo watu walikuwa wakitengeneza chombo cha mahali pengine. Mwaka 1996, akiwa Argentina, alichora wazo lake kwenye karatasi ya kufutia mikono mezani. Baadaye alikwenda Alaska akafunga mabuti yake juu ya mbao za kuteleza majini, zile zinazovutwa na motaboti, akashuka nazo mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Volant ilimtengenezea Spatula, ubao wenye milimita 125 kiunoni, uliopinda juu mbele na nyuma, mpana katikati kuliko nchani. Jina lake ni la mwiko wa bapa, ule wa kugeuzia chapati. McConkey alikufa 2009 katika milima ya Dolomites, Italia, akiruka genge. Skii za unga zinazouzwa leo, zikiwemo zile mbili zilizokuwa sakafuni mbele yangu, zimerithi kitu kutoka kwenye mwiko wake.

Nasema si la zamani katika maduka kwa sababu nje ya maduka ni la kale mno. Mwaka 1924 huko Kalvträsk, kaskazini mwa Sweden, watu walichimbua kwenye kinamasi skii za mti zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Zina urefu wa mita mbili hivi, na upana wake ni sentimita 15. Pamoja nazo ilikutwa fimbo iliyochongwa kichwa cha koleo. Mtu yeyote wa Lualaba akiiona fimbo hiyo ataiita kafi. Mwindaji aliyeichonga hakuwa na njia iliyoshindiliwa. Alikuwa na unga tu na mnyama wa kumfuata, naye aliupa ubao wake kiuno kipana. Ukonde wa skii ulikuja baadaye, watu walipoanza kuitengeneza theluji yenyewe ifanane na sakafu.

Sitaki kuzidharau zile nyembamba. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kuhamia Austria akiwa mtoto wa miaka mitatu, alishuka milima ya Pyeongchang mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Njia za mashindano ya namna ile humwagiwa maji yakaganda, ili wa kwanza na wa hamsini wakute ugumu uleule. Juu ya kioo hicho ubao mpana ungemwua mtu: unachelewa kugeuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na magoti ndiyo yanayolipa. Skii nyembamba ni kisu, na juu ya barafu unahitaji kisu. Binti wa Kilifi alichagua sawasawa kwa sababu alijua kilichokuwa chini yake. Kosa la yule mhudumu wa kukodisha halikuwa kutoa skii mbaya. Alimpa mpwa wangu jibu kabla ya kumwuliza anakokwenda.

Mpwa wangu huwaambia wenzake jikoni kwamba nchi yetu haina theluji, nami nilimkatalia. Kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, mita 5,109, ni chetu na Waganda, na juu yake ipo. Inapungua: mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipopanda, barafu ya kudumu ya milima ile ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo sita na nusu, ilipofika 2003 haikufika hata moja. Na hata hiyo inayoyeyuka upande wetu haiji kwetu Maniema. Inaingia Semliki, inafika Ziwa Albert, inakwenda zake na Nile. Hakuna tone lake linalopita Nyangwe.

Mpelelezi David Livingstone hakulijua hilo. Alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871 akiamini kwamba Lualaba huenda ndiyo Nile, na kitu kimoja tu alichokihitaji ili athibitishe kilikuwa mtumbwi. Alikaa miezi mitatu na zaidi akitafuta wa kununua. Ukingo ulikuwa umejaa mitumbwi, naye hakuupata hata mmoja. Watu wa pale walikuwa wamewaona wenyeji wake aliofikia kwao, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, wenye bunduki, na hawakuona kwa nini wamwamini mgeni aliyekula nao. Wako wanaoisimulia habari hii kama ukaidi wa watu wasioelewa safari yake. Mimi mtoto wa pale nasema walielewa vizuri. Mgeni aliuona mtumbwi kuwa ni chombo chenye bei. Kwao mtumbwi ulikuwa ndio nafasi ya kuvuka siku mambo yatakapoharibika, na huwezi kumwuzia nafasi hiyo mtu usiyejua atamleta nani nyuma yake.

Siku hiyo ilikuja tarehe 15 Julai 1871. Ilikuwa siku ya soko, katika kiangazi kilekile cha mafungu ya mchanga. Watu wapatao 1,500 walikuwa uwanjani, wengi wao wanawake. Watu wa msafara wa Dugumbe, mmoja wa wafanyabiashara wale, waliingia na bunduki, ukazuka ubishi wa bei ya kuku, risasi zikaanza, na wengine wakawapiga waliokimbilia kijitoni, ilikofungwa mitumbwi hamsini au zaidi. Mitumbwi ilikwama, mmoja juu ya mwingine. Waliokosa nafasi walijitupa majini wakaogelea kuelekea kisiwa cha mbali, na mkondo ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe, Waarabu, walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa pale. Alikuwa ameishiwa karatasi, anaandika juu ya gazeti la London la mwaka 1869 kwa wino wa mbegu za mti, wino uliofifia mpaka wataalamu walipousoma tena 2011 kwa msaada wa mwanga maalumu. Ameandika kwamba aliona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji, vikipotea kimoja kimoja.

Ameandika pia habari ya mitumbwi mitatu. Mitatu hiyo ilifaulu kutoka kwenye msongamano ule. Ilikuwa na njia mbele yake. Badala ya kwenda, ilianza kuwaokota waliokuwa wakizama, mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka yote mitatu ikazama pamoja na waliokuwamo.

Mjomba wangu, aliyenipa kanuni ya shubiri, ndiye aliyenisimulia kwanza habari ya mitumbwi ile, kabla sijaisoma popote. Alinisimulia tukiwa ndani ya mtumbwi wa bibi, katikati ya mto, watu wanane na mizigo yao, shubiri moja kavu. Sikumwuliza lakini nilitaka kumwuliza: je, walikosea? Watu wale walikuwa wamezaliwa majini. Walijua mtumbwi wao unabeba wangapi kama mimi ninavyojua vidole vyangu. Shubiri waliiona ikipotea. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi katika umri wangu huu, na sijaona kosa lao. Kanuni ya shubiri ni ya siku za kawaida, na kila fundi anayechonga mtumbwi na kila mtu anayeununua anapaswa kuifuata. Lakini tangu hapo sijaweza kukitazama chombo chochote cha kubebea mtu bila kujiuliza swali la pili baada ya lile la maji: nani atageuka kukuchukua?

Hilo ndilo lililonifanya, pale dukani, ninyanyuke sakafuni na kwenda kwenye rafu ya upande wa pili.

Skii pana zina jambo ambalo muuzaji mwema atakuambia na muuzaji mwenye haraka hatakuambia. Zinakufikisha mahali ambapo zile nyembamba zingekukataza. Unga mzuri hulala kwenye miteremko mikali, na huko ndiko theluji inakokatika kipande kizima na kuporomoka na mtu. Aliyefunikwa hawezi kujitoa. Theluji ile iliyokuwa kama unga ungoni, ikisimama baada ya kuporomoka, hukaza kama udongo wa kukandika nyumba. Dakika chache za mwanzo ndizo zenye uhai, na mara nyingi helikopta haiwahi. Anayewahi ni mwenzako aliyesimama pale pale, kama yupo, na kama ana vitu vitatu: koleo, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na kifaa kidogo cha redio kinachofungwa kifuani.

Nilikishika kifaa hicho mkononi. Ni kidogo, kinaenea kiganjani. Vyote, vya nchi zote na kampuni zote, hutumia masafa mamoja, kilohezi 457, ili mtu yeyote aweze kumtafuta mtu yeyote. Muda wote unaposhuka mlima kinatoa ishara. Mwenzako akizama, unageuza swichi. Chako kinaacha kusema kinaanza kusikiliza, na kwenye kioo chake mshale unakuonyesha uelekeo na tarakimu zinakuambia umebakiza mita ngapi. Jambo lililonigusa ni hili: hakimsaidii hata kidogo mtu anayekivaa peke yake. Ulichonacho kifuani kina manufaa kwa yule atakayekutafuta, na alichonacho yeye kina manufaa kwako.

"Unakwenda na nani huko?" nilimwuliza mpwa wangu.

"Na wale wawili wa jikoni, mjomba. Yule wa Kosovo na yule wa Nepal."

"Wanavyo hivi?"

Wa Nepal alikuwa nacho. Wa Kosovo alikuwa akisubiri mshahara.

"Basi chukua zile pana," nikasema. "Zilizotumika zinakutosha, mikwaruzo ya tumboni inazibwa. Hela inayobaki nunua hiki, na koleo, na ufito. Hiki usinunue kilichotumika."

Alizitazama zile nyekundu mara moja zaidi. Ninamwelewa, nami niliutazama ule mtumbwi mwembamba mpaka tulipopotelea kwenye kona ya njia. Kisha akazibeba zile pana begani hadi kwa keshia, omo mbele, tezi nyuma.

Jioni ile, na jioni zote zilizofuata baada ya vyombo vya hoteli kuoshwa, walifanya mazoezi nyuma ya nyumba ya wafanyakazi chini ya taa. Mmoja alifunga kifaa ndani ya mfuko wa viazi na kukifukia kwenye theluji wengine wakiwa wamegeuka. Kisha wakatafuta: mshale, tarakimu, ufito, koleo. Wa Kosovo, ambaye hakuwa nacho bado, aliazimwa cha mwenzake ili ajifunze kusikiliza. Mimi nilikaa ngazini na saa mkononi. Mara ya kwanza iliwachukua dakika kumi na moja. Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi Kasongo walikuwa wamefikia dakika nne.